Ada Moja

Njia mbili zilimshinda fisi; mimi ninazo tatu,
na mfuko unaomudu ada moja tu kwa mwezi.

Kurogane kwanza. Mapande ya watu.
Kofi la kifua likitua, chai yangu hutikisika kikombeni.
Lakini pambano dakika arobaini,
nami hutoka kiwandani saa kumi alfajiri,
vidole vinanuka siki ya wali.
Mara tatu nimesinzia,
nikaamka bingwa keshavaa mkanda, analia, sijui kwa nini.

Hoshizora ni wanawake watupu, wepesi kama paka ukutani.
Yule Chinatsu anayejitupa kutoka kamba ya juu,
mgongo ukitangulia,
nampenda. Ila ugomvi wao
mrefu kuliko ukoo wa mama mkwe:
ukikosa Jumanne, Alhamisi hujui nani kamsaliti nani.

Kitakaze, basi.
Watu tisa, lori moja,
ukumbi wa shule, viti vya kukunja.
Aliyepigwa pambano la kwanza
ndiye auzaye fulana mapumzikoni, barafu shingoni.
Kamera yao moja, nayo hutetemeka.
Marehemu Ryohei angecheka: “Umelipia kivuli, Shigeko?”

Mwezi jana Dobashi, miaka hamsini na minane,
alianguka asiinuke.
Mwamuzi akaanza kuhesabu hadi kumi,
polepole, polepole kupita sheria,
ukumbi mzima kimya.
Saba.
Hapa Sendai theluji ilikuwa inagonga dirisha,
nami nimesimama jikoni, mwiko mkononi,
saba,
bado saba.