Karatasi ya Karanga

Nilinunua karanga za mia tano pale stendi.
Karatasi iliyozifunga ni ukurasa wa kitabu cha shule, nusu tu,
mafuta yameliingia neno BAHARI.
Nikadhani jiografia. Kumbe ni aina za mashairi.

Mimi msusi, Majengo, Moshi. Viti vitatu, kioo kimoja.
Nasoma: *Msuko, shairi ambalo mstari wa mwisho
ni mfupi kuliko mingine.*
Nikacheka hadi Aikande akalalamika,
"Dada Ndeskoi, umenivuta!"
Miaka kumi na moja kila msuko wangu
huanza mnene utosini, ukaisha kiduchu kisogoni.
Nani aliwaambia hawa?

Usiku, nyuma ya daftari la madeni, nikajaribu:

    Kaa chini Aikande, nishikie na kitana,
    nywele nizigawe pande, nne sawa kwa upana,
    kilioni sote twende, ndio mtindo wa jana,
    fundo moja, basi, mwana.

Nikahesabu silabi kwa kugonga kitana mezani.
Nane, nane. Jirani akagonga ukuta, naye nane.

*Pindu: ubeti huanza kwa maneno yaliyofunga uliotangulia.*
Hili nalijua. Baki la jana hufungua ukurasa wa leo.

    Mama Mkunde kasuka,
    ahadi akaiweka,
    Jumamosi kwamba aja,
    mpaka leo nangoja.

    Leo nangoja

na hapo nikakwama, kwa sababu kweli nilikuwa nangoja.
Alhamisi akaja na mkungu wa mshare badala ya hela.
Ubeti ukajimaliza, bila kina hata kimoja.

*Zivindo: neno moja, maana mbalimbali.*
Karanga niliyotafuna.
Karanga, mto, unaonguruma chini ya daraja masika.
Karanga yenye kuta, aliko Elinami,
kaka yangu, miezi saba imebaki.
Hili sikulihesabu.

Mwisho kabisa: *Ukawafi ni shairi lenye*
na karatasi imechanika.
Lenye nini?
Nikarudi stendi, nikanunua pakiti tano.
Nikapata sehemu, desimali, tumbo la chura,
na risiti ya mbolea ya mtu wa Kibosho.
Yule kijana akaniuliza, "Dada, unazipenda hivyo?"
Nikala karanga hadi tumbo likauma.

Basi, nisilolijua nikalisuka kama ninavyojua:
chukua nywele, gawa tatu.

    Kulia napita, kati shika, kushoto pita,
    Elinami kaka, nywele zako zikikurudi,
    njoo nizichane, bila deni, mlango wazi.

Sijui kama ndivyo.
Nimeibandika karatasi pembeni ya kioo, upande wa ufa.
Wateja wanaulizia bei ya mtindo huo.