Ndoo na Madeni Yake

Chini ya ndoo, kwa ncha ya kompasi,
yamekwaruzwa majina manne:
Ludovika. Beatha K. Restituta.
Na la mwisho, herufi zimebanana
kama wasichana kwenye benchi la kanisa:
Filotea Mrosso.

Nilisoma hayo nimechuchumaa bombani,
Januari, siku ya pili tangu baba
ashushe tranka langu getini, Kibosho,
akampa sista mkono, akanipa mimi elfu mbili,
akageuka upesi.

Ndoo haikuwa yangu. Niliteka maji ya mama.
Mama mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minane
na sauti ya kengele iliyopasuka.
Hakuniuliza kwetu wapi.
Alinionyesha kuoga kwa nusu ndoo:
uso, kwapa, miguu,
yanayobaki ufulie soksi,
yanayobaki tena umwagilie maua pale grotoni,
"maana na Bikira yumo bweni hili."

Alinifundisha kona za shuka zikae kama bahasha,
makande yaliwe upesi, ila mdudu atafutwe polepole,
na usingizi wa rozari ufukuzwe kwa kucha.
Kidato cha tatu husalimiwa kabla ya cha pili.
Njia ya misonobari ni ya wa nne.
Sisi manjuka, njia yetu nyasi,
zenye umande, zenye siafu.

Nilimchukia hadi Julai.

Julai ukungu hushuka toka mlimani
ukaingia bwenini bila hodi.
Usiku mmoja blanketi la pili likanitua mgongoni.
Asubuhi alilichukua,
akasema ninakoroma kama mashine ya kukoboa kahawa.

Sikukuu ya somo wa shule mambo hupinduka:
wa nne hufunga aproni, manjuka hukaa.
Filotea akanipakulia pilau, akainama,
"Karibu, dada,"
mdomo ukiteguka kwa neno lisilouzoea.
Sista Adelgunda alicheka hadi miwani ikaingia ukungu.
Nilipata vipande viwili vya nyama.
Jirani yangu alipata kimoja, akavihesabu vyangu kwa macho.

Novemba, walipotoka kwenye mtihani wa mwisho,
alinikabidhi ndoo,
na ndani yake karatasi ya daftari:

*Nadaiwa sukari vijiko saba, Kavishe wa kidato cha pili.
Uzi mweusi, Anamaria, chumba cha nne.
Samahani moja, Gaudensia Tarimo. Anajua ya nini.
Lipa. Mimi nimeishiwa.*

Sukari nililipa Kwaresima,
nilipokuwa nimejinyima chai, hivyo haikuuma.
Uzi niliuchomoa kwenye pindo la sketi yangu.
Lakini samahani, samahani haipimwi kwa kijiko.
Nilizunguka nayo hadi Mei
kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

Gaudensia alikuwa wa nne sasa.
Alikuwa akishuka kwenye misonobari, peke yake,
mimi nimesimama nyasini na ndoo.
Nikaisema yote, kwa pumzi moja,
nisijue naomba radhi ya nini.
Hakunitazama. Aliitazama ndoo.
"Angekuja mwenyewe," alisema.
Kisha akasogea pembeni,
akaniachia nafasi ya mtu mmoja,
nikapita njia ile
kwa mara ya kwanza,
sindano za misonobari zikinong'ona chini ya kandambili.

Leo jina la tano ni langu.
Bombani amechuchumaa Paskalina Tluway, katoka Mbulu,
ananawa uso mara ya tatu
ili tusijue yapi maji na yapi machozi.
Simuulizi kwao wapi.
Namwambia: nusu ndoo, mwanangu. Anza na uso.

Novemba nitamwachia vijiko vitatu vya sukari,
betri za tochi, mbili,
na ile samahani ya Filotea,
ambayo nililipa nusu tu.