Futi Sita

Mimi ndiye niliyepiga misumari.
Liandikwe hilo kwanza, kabla hamjanipa chai.
Famau, fundi wa Majengo,
masanduku ya kusafirishia, kubwa kwa dogo.

Duka la tajiri lilikuwa na milango miwili:
wa mbele wa watalii, vikapu na twiga wa kuchonga;
wa nyuma wa usiku, gunia na mwenye gunia.
Walikuja vijana wa upande wa Kaloleni, macho chini,
wakapewa mia tatu, wengine fulana.
Sikuuliza. Fundi huuliza urefu tu.

Kwenye fomu ya Kilindini tajiri akaandika,
kwa ule mwandiko wake wa kupendeza:
*Pambo la bustani. Mti. Jipya.*
Jipya!
Na mchwa walishamjaribu wakashindwa,
na chokaa ya zile pembetatu za kifuani
ilishageuka rangi ya jino la mvuta tumbaku.

Juzi redio ikasema kigango kimerudi.
Nimekuja Shimanzi bila kuitwa.

Sanduku lake la kurudia ni zuri kuliko langu:
bawaba za shaba, sponji iliyokatwa kufuata mabega yake,
na kijisaa cha kupimia unyevu.
Nimeona wivu, Mungu anisamehe, wivu wa kazi.
Ndani amelala, namba nyeupe mgongoni
kama mfungwa, au mchezaji wa akiba.

Afisa wa forodha, kijana, tai imembana koo:
"Thamani ya bidhaa?"
Watu wa makumbusho wakamtazama meneja wa godauni,
meneja akatazama feni.
Dama Ngumbao, mpishi wa shule ya msingi,
aliyekopa nauli kwenye chama, akasema:
"Ni babu yake mume wangu. Andika hivyo."
"Mama, fomu haina kisanduku cha babu."

Hakubishana. Aliinama,
akampima kwa shibiri kuanzia utosini,
akafika mwisho, mkono ukabaki hewani.
"Miguu yake iko wapi?"

Karatasi za huko zikafunuliwa, zikasomwa kwa sauti:
*kizima, isipokuwa ncha ya chini, imeliwa na mchwa.*
Mchwa.
Nikajisikia nikiota mbawa.

Plaiwudi ilikuwa futi sita. Yeye alikuwa saba na kitu.
Tajiri alisema kata, hiyo ya chini ni ya udongoni,
nani ataiona?
Nikakata. Msumeno ulitoa moshi, ukavunjika meno mawili,
na karakana nzima ikanukia
kama udi wa arusi ambayo hukualikwa.

Kipande nikaenda nacho nyumbani.
Miaka thelathini na mmoja kimezuia mlango usibamizwe na upepo.
Wajukuu wamekikalia wakifunga viatu.
Siku za mvua kilinukia tena, na marehemu mke wangu
alikuwa akiuliza, mti gani huu usiochoka?
Nikimjibu, masazo ya kazi.

Basi nimekitoa. Kwenye gunia, ndiyo,
sikuwa na kitu kingine.
Nikakisogeza chini yake, palepale pa msumeno.
Havikuoana.
Yeye amekaukia hewa ya mashine, amepungua;
changu kimenona kwa mafuta ya nyayo zetu.
Wembe ungepita katikati.

Dama hakuniambia nimesamehewa.
Aliniuliza kama kwangu, miaka yote hiyo,
watoto walikuwa wakilala usingizi mzuri.

Nilitazama feni.

Afisa akakigonga kipande kwa kalamu:
"Na hiki kiliingia nchini lini? Kina karatasi?"
Meneja akaanza kupekua faili, kwa kweli akapekua,
na alipoinua kichwa
Dama alikuwa ameshakifunga mgongoni kwa leso, mafundo mawili,
anauliza mlango wa kutokea ni upi.

Mwili umebaki godauni. Unasubiri hesabu ya ushuru.