Ufunguo wa Pili

Baba alininunulia nyumba Thesaloniki:
vyumba viwili, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta.
Aliniita Jumapili mbele ya wageni, nyama bado inafuka moshi,
akaning'iniza funguo juu ya sahani yangu
kama mtu anayemchezea paka.
"Semeni," akawaambia, "nani mwingine Kastoria nzima
amemfanyia bintiye hivi?"
Shangazi Despina akapiga makofi.
Nikaubusu mkono. Ulinuka dawa ya ngozi.

Funguo zilikuwa mbili.
Nilipewa mmoja.

Mkono mtupu haulambwi, husema watu.
Wa baba ulijaa, nasi tulilamba,
mimi, na Lazaros, na mama aliyekuwa na pochi
iliyojazwa kila Ijumaa
na kukaguliwa kila Alhamisi.

Baba alishona makoti ya manyoya, alijua kazi.
Ngozi huiwambi ikiwa kavu, alinifundisha, itapasuka.
Unailowesha kwanza,
unaibembeleza kwa kidole,
ndipo unaipigilia misumari ubaoni.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimshikia misumari.

Daftari lake lilikuwa la kijani.
Evanthia, meno ya mbele, drakma kadha wa kadha.
Evanthia, kinanda. Evanthia, miwani.
Evanthia, homa ya mapafu, siku sita,
pamoja na teksi.
Lazaros alikuwa na ukurasa mmoja tu,
umepigwa mstari mwekundu kona hadi kona
tangu aoe mwanamke asiyempigia baba simu ya asubuhi.
"Unaona nduguyo?" baba aliniuliza, akinisogezea bahasha.
Nilimwona. Niliipokea bahasha.
Hilo nalo liandikwe.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini
nikamkuta jikoni kwangu, ameketi na koti lake,
mlango wa friji wazi, anahesabu vikopo vya mtindi.
"Pesa yangu inakula vizuri," akasema.
Alitabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri sana,
wateja walilisifia mpaka Moscow.

Nikahama. Nikapanga chumba Volos, juu ya duka la mikate,
kitanda kinapata joto la tanuri kuanzia saa tisa usiku.
Dawa ya deni ni kulipa, nikajiambia,
na kila mwisho wa mwezi nilikwenda benki,
nikanunua hundi kwa jina lake,
euro hamsini, wakati mwingine thelathini,
mara moja kumi na mbili, mwezi nilioumwa jino.
Nikalamba bahasha. Nikatuma.
Hakujibu.
Nilidhani kimya kile ni risiti.

Mwaka huu akavunjika nyonga.
Nesi alitaka kitambulisho chake,
nikafungua mtoto wa meza karakanani.
Hundi sitini na moja,
zimefungwa kwa uzi wa kushonea manyoya,
hakuna hata moja iliyopelekwa benki.
Chini yake daftari la kijani.
Nikalifunua ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta jumla.
Hakuna.
Mtu aliyeandika hadi nauli ya teksi
hakuwahi kujumlisha.

Nilikaa juu ya rundo la mabaki ya manyoya, nikaelewa polepole,
kama maji ya baridi yanavyopenya soksi:
jumla ina mstari chini yake,
na ng'ambo ya mstari ule
mimi ningekuwa mtu tu, anayepita.

Ufunguo wa pili ulikuwemo humo.
Niliuacha.

Hospitali nilimpelekea machungwa.
Alikuwa amekonda, masikio yamekuwa makubwa.
Alinitazama nikimenya, kisha akauliza,
kwa sauti ile ile ya Jumapili,
ingawa hapakuwa na wageni,
"Umeyanunua bei gani?"

"Sikumbuki, baba."

Akanikodolea macho
kama aliyesemeshwa kwa lugha ngeni.
Nikampa kipande. Akakishika mkononi muda mrefu,
hajui akiandike wapi.