Fomu ya Moshi

Dalili ya mvua ni mawingu.
Dalili ya ukame, kwetu, ni simu ya mezani.
Inalia saa kumi na moja jioni
na sauti ya Nairobi haisalimii:
"Mto umepungua. Washeni."

Nami Obiero, mwana wa Dorsila,
nafungua valvu, nasikiliza mafuta ya taa
yakishuka bombani
kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema uongo.
Kisha mtambo unanguruma,
miwa ya jirani inatikisika,
na huko Kisumu friji ya mtu nisiyemjua
inaendelea kugandisha samaki.

Mwezi uliopita tulinguruma saa thelathini na moja.
Saa mia sita themanini na tisa tulingoja.
Tulifagia. Tulipaka grisi palipokwisha kupakwa grisi.
Kungoja nako kuna bei, imo mkatabani,
basi usiniulize nazalisha nini.
Nazalisha utayari.
Hauna rangi, hauna uzito,
na ankara yake haikosi kufika.

Jumanne akaja Bi Nasambu wa mamlaka,
viatu vimeshika tope jeusi la Muhoroni,
mkononi kisanduku chenye mkonga wa chuma.
"Washa," akasema.
Nikawasha.
Mafuta mangapi yaliungua ili moshi upate kupimwa,
hilo halina safu kwenye fomu.

Naitrojeni. Salfa. Masizi.
Aliandika polepole, kwa wino wa buluu,
hati ya mtu aliyewahi kufundisha darasa la tatu.
Akarudia kipimo. Namba ikapanda.
Meneja akakohoa, akamwagizia chai na mayai mawili.
Chai aliinywa, mayai akayala.
Namba hakuibadilisha.
Nataka hilo liandikwe mahali.

Tulipita hata hivyo,
chini ya kikomo kwa upana wa unywele,
na cheti kikatundikwa juu ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

Usiku huo chumbani kwangu taa ilizimika.
Nikanunua tokeni ya shilingi mia mbili.
Ujumbe ukaingia na makato yake, mstari chini ya mstari,
na kwenye mstari wa gharama ya mafuta
nikausikia mngurumo wangu mwenyewe.
Kumbe nilikuwa nimejiuzia.

Lakini si hilo nililotaka kusema.

Nilimuuliza Nasambu, alipokuwa akifunga kisanduku,
kama mkonga ule unaweza kufika Koru.
"Mamlaka yangu," akasema, "yanaishia getini."
Jumamosi nikamwona akishuka kwenye pikipiki,
bila beji, leso kichwani,
kisanduku ndani ya kikapu cha sokoni.

Nyaya kubwa zinapita juu ya paa la mamangu.
Asubuhi ya umande huwa zinaimba, hazishuki.
Chini yake mafiga matatu, kuni mbichi za mkaratusi,
na masizi yaning'iniayo darini, marefu,
mengine yana umri wangu.
Siku hiyo pia walikuwa wamechoma shamba la miwa ng'ambo ya reli;
majivu yalianguka ndani ya uji
na mama akayaengua kwa kijiko, bila kukatiza mazungumzo.

Nasambu alichuchumaa.
Akainua mkonga hadi usawa wa uso wa mpishi.
Kisanduku kikalia, kikanyamaza, kikalia tena.
Alitafuta pa kuandika.
Mwishowe akaandika juu ya mfuko wa unga,
kwa wino uleule wa buluu,
karibu na bei.

Mamangu, ambaye hajawahi kufanya mtihani wowote,
alijifuta mikono kwenye kanga.
"Nimepita?" akauliza.

Nasambu akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya leso,
akaitazama tena namba,
kana kwamba kilichochafuka ni kioo.