Yai la Pili

Saa kumi na nusu alfajiri, Bupyeong bado giza.
Napanda ngazi zilizopita ukumbi wa biliadi
hadi ghorofa ya tatu, ambako kanisa letu limepanga.
Juu ya paa, msalaba wa taa nyekundu
umeungua mkono mmoja tangu Oktoba.
Fundi anataka pesa taslimu,
na pesa taslimu, majira haya, ni hadithi.

Hapa tunaomba wote kwa mpigo, kwa sauti,
kila mtu na lake, kama soko la asubuhi.
Shemasi Bong-rye anajipiga kifua akimtaja mwanawe,
mzee Heo anaishtaki benki mbele zako, kwa jina na kwa tawi.
Nami nayashukuru makelele hayo, Bwana,
maana ndani yake hakuna anisikiaye
nikisema: kodi. Gesi. Ada ya Min-gyu. Kodi.
Ndiyo sala yangu. Sina nyingine.
Amina naiazima kwa jirani.

Nikirudi namfungia Byeong-cheol chakula cha mchana:
wali, kimchi, yai moja la kukaanga juu ya wali.
Anavaa tai. Anashika mkoba.
"Leo tuna mkutano," asema.
"Usisahau skafu," nasema.

Kiwanda kimefungwa wiki ya tano sasa.
Mke wa msimamizi aliniambia tukiwa kwenye foleni,
siku tuliyopeleka pete zetu ziyeyushwe, nchi ilipe madeni.
Nikafunika kombe.
Kila asubuhi yeye huigiza kwenda, mimi huigiza kuaga,
na Wewe, unisamehe,
nilidhani nawe waigiza kuwapo.

Nimelisema. Lisije likanioza ndani.

Jumanne, theluji ya majimaji,
nilikumbuka nimeacha glavu kanisani. Nikarudi saa nne.
Mlango ulikuwa wazi, jiko la mafuta ya taa lingali vuguvugu.
Benchi la mwisho, chini ya kalenda ya duka la dawa,
mtu amesinzia ameketi,
mkoba kaukumbatia kama kitoto kichanga,
viatu kavivua, kavipanga sambamba,
kama mtu aliye kwake.

Mume wangu.
Ambaye tangu harusi hajakanyaga hapa.
Ambaye sala zangu huziita simu
isiyo na mtu upande wa pili.
Kisanduku cha chakula kando yake, hakijaguswa.
Soksi ya kushoto ina tundu,
na kidole gumba kinachungulia.

Sitaki kuuita muujiza. Huenda alifuata joto tu:
bustanini kuna barafu, na mkahawani
lazima ununue kitu ndipo uketi.
Sikuuliza. Sikumwamsha.
Nilisimama pale na midomo yangu mikavu,
na kodi haikuja, wala gesi,
wala neno lolote la kuazima.
Nilimsikia akipumua. Nilijisikia nikipumua.
Kulikuwa na nafasi iliyobaki chumbani mle,
na sikuiona kuwa tupu.

Nikaongeza mafuta kwenye jiko,
nikashuka ngazi kwa ncha za vidole.
Glavu nimezisahau tena.

Kazi bado hana. Dola bado yapanda.
Usiku bado naamka nikihesabu,
na zipo alfajiri ninazokuja kwa hasira tu,
kama mtu aendaye kudai deni.
Lakini naja. Msalaba, ukiutazama kutoka kituo cha basi,
na mkono wake mmoja uliobaki,
umekuwa kama kibao cha njia
kinachoelekeza upande wa reli, sijui wapi.

Leo nimekaanga mayai mawili.
Akafunua kisanduku mlangoni, akayaona, akanitazama.
"Mkutano utakuwa mrefu," nikasema.
Akainama avae viatu,
akaikuta soksi imeshonwa,
akakaa hivyo, ameinama,
kamba zile akizifunga
muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.