Ulikuwa Umeketi Wapi?

Siku ya kwanza nilifika Ahero na dodoso,
maswali arobaini na mawili, kila swali na visanduku vitano,
kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali hata kidogo".
Mzee wa stoo, Osumba Lando, alitia alama kisanduku cha katikati
toka juu hadi chini, wima kama mstari wa mpunga,
akanirudishia kalamu.
"Nimemaliza. Kuna lingine?"

Daktari Nyamisa hakucheka.
Alizisoma karatasi ofisini kwake Maseno, mvua ikigonga mabati,
akasema: umewapa watu majibu yako wakuchagulie.
Rudi. Kaa. Ushirika si lile jengo la bluu,
ushirika ni namna watu wanavyongojana.

Nikarudi, nikakaa.
Wiki nzima kwenye kiti cha plastiki karibu na karani,
pale wanapowekwa wageni na wakaguzi,
nikaona kila mtu anatembea upesi.
Nikaandika: kazi inakwenda vizuri.
Pembeni, kwa wino wa kijani, daktari aliuliza:
ulikuwa umeketi wapi?

Nikahamia kwenye magunia.

Ofisini, ukutani, kuna chati:
mwenyekiti juu, mishale ikishuka hadi kwa mkulima.
Kwenye magunia hakuna mshale.
Yupo Pelesia wa chai.
Akimimina kwa vikombe vidogo, hundi haijafika.
Akitoa vikubwa, watu hunyoosha migongo,
na meneja bado hajafungua bahasha.
Nilijaza daftari zima vikombe,
nikaona haya kidogo, nikaendelea.

Usiku, chumbani Manyatta, nasikiliza kinasa sauti.
Saa moja ya maneno hunila saa sita:
kikohozi, kuku, lori la mchanga, mtu akiita mtu.
Nilimuuliza Peres Akinda habari za ushirika. Akasema, ber.
Alisema ber mara tisa:
fupi, karani akipita;
ndefu, kama anayetua mzigo;
na moja iliyotanguliwa na sekunde saba.
Nane nimezitafsiri "vizuri".
Ya tisa niliandika kimya,
nikakifuta, nikakirudisha.

Kisha mkasi. Vipande vya karatasi sakafuni,
penseli nyekundu kwa hofu, buluu kwa zamu, kahawia kwa deni.
Jerotich, tunayeishi naye, alisimama mlangoni na sufuria ya ugali:
"Unashona nini wewe?"
Sijui bado. Kitambaa kinanishona mimi.
Kipande kimoja kilikataa rangi zote:
"Sisi huujua uzito kabla ya mizani."
Nililala nacho chini ya mto.

Siku ya mwisho Osumba alitia sahihi fomu ya ridhaa,
akajibu kila swali kwa adabu ya mtu anayelipa nauli.
Nikashukuru. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikazimika.
Hapo akavuta kiti.
Akasema mwaka, akasema jina,
akasema jiwe la mizani lilibadilishwa lini na kwa mkono wa nani,
akasema hadi wabeba magunia walipoanza kunawa miguu mferejini.
"Hayo usiyatie kitabuni," akasema,
akaondoka na funguo zake, zimefungwa kwenye leso.

Ripoti yangu ina kurasa mia na kumi na sita.
Hayamo.
Daktari amezungushia aya ya mwisho duara la kijani:
hapa umeruka kitu. Na hujanijibu.

Haya, Daktari.
Nilikuwa nimeketi kwenye gunia la nne kutoka mlangoni,
lenye kiraka cha kitenge cha njano.
Nilimshikia mama mdomo wa gunia hilo akilishona.
Nyumbani, kwa mizani ya jirani, kilo sabini na nane.
Kwenye daftari la ushirika, sabini na moja.
Niliketi juu yake majuma matano
nikiandika habari za vikombe.